Pete Sita Hazichezi Mechi

Wasee wa Bulls, leo nakuja kwenu. Watu wa Lakers na Knicks kaeni kando kidogo, zamu yenu iko njiani.

Kila mwaka ikifika Julai sisi tunaongea mambo mawili tu. La kwanza: "Msimu ujao tutashangaza watu." La pili, mtu akitucheka: "Kwani nyinyi mna pete ngapi? Sisi tuna sita." Basi, stori imeisha, tunarudi kungoja Oktoba. Hakuna anayeuliza wanaoendesha timu wamefanya nini tangu Aprili, na kama wamefanya kitu, wamekifanya kwa sababu gani.

Nitasema kitu kitakachowakera wengine, na nitakisema polepole ili kieleweke. Hizo pete sita ndizo zinatumaliza, kwa vile tunavyozikumbuka. Tumekumbuka sherehe tukasahau maamuzi yaliyoleta sherehe. Timu inaongozwa na watu wanaoogopa kuamua, na imepata mashabiki inaowataka kabisa: ukituonyesha picha ya namba 23 tunatulia kama mtoto amepewa nyonyo.

Tuanze na hesabu, juu hesabu haina mapenzi. Msimu wa 2022-23 Bulls walishinda mechi 40 wakapoteza 42. Msimu wa 2023-24 wakashinda 39 wakapoteza 43. Msimu uliofuata, 2024-25, wakashinda 39 wakapoteza 43. Hata ukimlipa mtu akutengenezee timu ya katikati makusudi, hawezi kuipima sawasawa hivyo.

Misimu yote mitatu tuliishia kwenye plei-in, ule mchujo wa timu zilizokosa kufuzu moja kwa moja. Na misimu yote mitatu waliotutoa ni walewale, Miami Heat. Mwaka 2023 tulianza kwa kuwafunga Toronto, siku ile binti ya DeMar DeRozan alikuwa anapiga mayowe kila Raptors wakienda kwa mitupo huru, na Raptors wakakosa 18 kati ya 36. Tulicheka sana. Siku mbili baadaye Miami wakatunyamazisha. Mwaka 2024 tuliwafunga Atlanta, halafu Miami wakatupiga 112 kwa 91. Mwaka 2025 hata hatukuhitaji kusafiri. Walitufuata United Center, nyumbani kwetu, wakatupiga 109 kwa 90 mbele ya watu wetu.

Mtoano wenyewe tumeucheza mara mbili tu katika miaka kumi: 2017 na 2022. Mara zote mbili tulitoka raundi ya kwanza.

Mtoto aliyezaliwa siku ile Jordan alipofunga kikapu chake cha mwisho kwa Bulls dhidi ya Utah, Juni 1998, mwaka 2025 alifikisha miaka 27. Anaweza kuwa na watoto wake. Mimi sikuwa hata nimezaliwa. Bulls nimewajua vizuri 2020, wakati shule zimefungwa kwa sababu ya korona na kila mtu anaangalia The Last Dance kwa simu. Kabla ya hapo nilikuwa nawajua kama mchoro wa ng'ombe mwekundu kwa kofia za mitumba na kwa matatu. Wengi wenu mnaosoma hapa ni wa rika langu. Kwa hivyo tuseme ukweli: hizo enzi hatuzikumbuki, tumesimuliwa. Na stori ikisimuliwa mara nyingi, sehemu ngumu hutolewa ikabaki tamu pekee.

Wacha niwarudishie sehemu ngumu.

Bulls walimpata Jordan kwenye drafti ya 1984, namba tatu, baada ya msimu wa ushindi 27 na vipigo 55. Ubingwa wa kwanza ulikuja 1991. Hesabu hapo: misimu saba. Mitatu ya kwanza walitolewa raundi ya kwanza kila mwaka, mara moja na Milwaukee na mara mbili na Boston. Halafu wakakutana na Detroit Pistons, na Pistons wakawatoa miaka mitatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990. Huyo ni Jordan huyohuyo unayemweka kwa profaili yako.

Sasa kilichobadilika kati ya 1984 na 1991 ni nini? Jordan alikua, sawa. Lakini pia kuna mtu aliyekuwa ofisini akifanya kazi. Alikuwa anaitwa Jerry Krause, meneja mkuu, mtu mfupi mnene ambaye wachezaji wake wenyewe walikuwa wanamdharau. Usiku wa drafti ya 1987, Seattle walimchagua kijana mmoja kutoka Central Arkansas, chuo ambacho mashabiki wengi hawakuwa wamekisikia. Krause akamchukua kwa kubadilishana na Olden Polynice. Kijana huyo ni Scottie Pippen. Usiku huohuo, namba kumi, akamchukua Horace Grant.

Mwaka uliofuata akamtoa Charles Oakley, rafiki wa karibu wa Jordan na mtu aliyekuwa anamlinda uwanjani, akamleta Bill Cartwright. Jordan alikasirika. Krause akamwacha akasirike. Mwaka 1989 timu ikafika fainali ya Mashariki, jambo ambalo sisi leo tukilipata tutafunga barabara. Bulls walifanya nini? Walimfuta kocha Doug Collins, wakampa kazi msaidizi wake, Phil Jackson, mtu ambaye hakuwa amewahi kuwa kocha mkuu NBA.

Soma hapo tena. Timu imefika fainali ya Mashariki, na wenyewe wanasema haitoshi. Leo timu ikifika namba tisa wanasema tumepiga hatua.

Na hata baada ya pete tatu hawakulala. Mwaka 1995 walimchukua Dennis Rodman, mmoja wa wale Pistons waliokuwa wanawaumiza, mtu ambaye mashabiki wa Chicago walikuwa wanamchukia kabisa. Walimtoa Will Perdue tu. Msimu huo, 1995-96, wakashinda 72 wakapoteza 10, halafu wakachukua pete ya nne, ya tano na ya sita.

Hiyo ndiyo historia yetu. Ni historia ya watu waliokuwa tayari kumkasirisha mchezaji bora duniani, kufuta kocha anayeshinda na kuleta adui nyumbani. Ukitoa maamuzi hayo, unabaki na Jordan anayefunga pointi nyingi na kutolewa mapema kila mwaka. Kwa hivyo ukisema "tuna pete sita" halafu unatetea ofisi ambayo haijawahi kufanya uamuzi mmoja wa aina hiyo, hizo pete unazitumia vibaya.

Sasa nije kwa jambo lililonifanya niandike haya.

Januari 2024 Bulls waliandaa usiku wa kuwaenzi watu wa zamani. Jordan hakuja, Pippen hakuja, Rodman hakuja. Jina la Krause likasomwa. Krause alifariki 2017, kwa hivyo aliyekuwa pale ni mjane wake, Thelma, mama mzee ameketi kwenye kiti uwanjani. Mashabiki wa Bulls wakazomea. Watu waliovaa jezi kama yako na yangu walimzomea marehemu mbele ya mjane wake, na yule mama akalia kamera zikimwangalia. Steve Kerr, ambaye alikuwa hapo kama kocha wa Golden State na ana pete tatu alizovaa chini ya Krause, alisema waziwazi kwamba lile lilikuwa jambo la aibu.

Kwetu huku mtu akifiwa, hata kama marehemu alikuwa na deni lako, unaenda unaketi, unakula, unarudi nyumbani na deni lako moyoni. Hiyo ni adabu tu, na nafikiri hilo kila mtu analiona. Lakini hata tukiiweka adabu kando, angalia upumbavu wa jambo lenyewe. Walimzomea mtu aliyeleta Pippen, Grant, Kukoč na Rodman. Walimzomea kwa sababu stori waliyosimuliwa inahitaji mtu mbaya, na yeye ndiye alipewa hiyo sehemu. Ndiyo, alichangia kuvunja ile timu ya 1998, na alikuwa na kiburi. Lakini alikuwa na bosi. Bosi anaitwa Jerry Reinsdorf, alinunua timu 1985 na bado anayo hadi leo. Ile timu ilivunjwa akiwa mwenye timu. Miaka hiyo yote ya kutangatanga imepita akiwa mwenye timu. Msimu huo wa 2023-24 tulikuwa tunaelekea kwenye ule ushindi 39. Na hasira yote ya uwanja ikamwendea mtu aliyekufa.

Hapo ndipo niliona faida ya kumbukumbu mbovu, na nikaona ni ya nani. Inamfaa mwenye timu.

Mimi natengeneza video, hiyo ndiyo kazi yangu, kwa hivyo hili naliongea nikilijua. Nikiweka video ya Jordan akiruka kutoka mstari wa mitupo huru, watazamaji wanajaa kabla chai haijapoa. Nikiweka video ya kueleza kwa nini Patrick Williams alipewa mkataba wa dola milioni 90 kwa miaka mitano, naangalia mwenyewe na binamu yangu. Ya kale inauza. Kama mimi na simu yangu yenye kioo kimepasuka nimelijua hilo, unafikiri kampuni yenye thamani ya mabilioni ya dola haijui? Mwaka 2025 walitangaza kwamba msimu wa 2025-26 watastaafisha jezi ya Derrick Rose. Rose simgusi, anastahili kila kitu. MVP akiwa na miaka 22, mtoto wa Chicago mwenyewe, akaumia goti Aprili 2012 mechi ikiwa karibu kuisha na timu ikiwa mbele pointi 12. Siku kama hiyo hata mimi nalia kama wengine. Nasema tu muone mpangilio. Ukikosa kesho ya kuuza, unauza jana.

Na biashara inakubali. United Center ina viti zaidi ya 20,000, na hata misimu hii ya katikati Bulls wamebaki juu kabisa kati ya timu zinazojaza uwanja. NBA imeingia mkataba mpya wa televisheni wa miaka 11 wenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 70, na kila timu inapata fungu lake, bingwa na namba tisa. Kuna ile kodi ya anasa ambayo timu hulipa ikizidisha mishahara ya wachezaji. Bulls, timu ya mji wa tatu kwa ukubwa Marekani, wameilipa mara moja tu, msimu wa 2012-13. Mara moja. Reinsdorf huyohuyo ndiye mwenye Chicago White Sox ya besiboli, ambayo 2024 ilipoteza mechi 121, idadi kubwa kuliko zote katika besiboli ya kisasa. Kwa hivyo msiniambie ni bahati mbaya ya mpira wa kikapu.

Najua mtakachosema. "Wewe unataka tushindwe makusudi? Hiyo haihakikishi kitu." Ni kweli, haihakikishi, na mimi ndiye wa kwanza kukubali. Baada ya 1998 tulishindwa vizuri sana: 13 na 37 kwenye msimu uliofupishwa, halafu 17 na 65, halafu 15 na 67. Tulimpata Elton Brand namba moja 1999, akawa miongoni mwa wawili waliogawana tuzo ya mchezaji bora mgeni, na 2001 tukamtoa. Tulikuwa na umaskini bila subira.

Tulijaribu tena 2017. Tulimtoa Jimmy Butler, tukapata Zach LaVine na Lauri Markkanen, tukachagua Wendell Carter Jr., Coby White, Patrick Williams. Watu wanasema ule ujenzi ulifeli. Haukufeli, uliachwa nusu. Machi 2021, Artūras Karnišovas akiwa hata hajamaliza mwaka ofisini, Carter akaenda Orlando pamoja na machaguo mawili ya raundi ya kwanza, tukamleta Nikola Vučević. Chaguo moja kati ya hayo likawa namba nane mwaka huohuo, na Orlando wakamchukua Franz Wagner. Markkanen naye tukamwacha aende. Mwaka 2023 akiwa Utah akawa nyota wa All-Star na mchezaji aliyeimarika kuliko wote. Wagner na Markkanen leo wangekuwa jezi nyekundu.

Haya, tuseme walitaka kushinda haraka. Hilo nalo ni uamuzi, na msimu wa 2021-22 ulikuwa mtamu, tulishinda 46 na kwa muda tuliongoza Mashariki. Halafu Lonzo Ball akaumia goti Januari 2022 na hakucheza tena hadi Oktoba 2024. Hiyo ni bahati mbaya, simlaumu mtu. Ninacholaumu ni kilichofuata. Karnišovas alikaa. Siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji ikafika 2023, hakufanya kitu. Ikafika 2024, hakufanya kitu. Alikuwa na DeRozan, LaVine na Caruso, watu ambao timu zingine zilikuwa zinawataka, akawaweka kama mzee anayekataa kuuza ng'ombe mpaka kiangazi kimkute. Kiangazi cha 2024 DeRozan akaenda Sacramento na sisi tukabaki na mchezaji wa akiba na machaguo ya raundi ya pili. LaVine alipoondoka Februari 2025, kitu kikubwa tulichopata ni chaguo letu wenyewe tulilokuwa tumewapa San Antonio. Tulilipa kununua shati letu.

Na Caruso. Juni 2024 tuliwapa Oklahoma City Thunder Alex Caruso, wakatupa Josh Giddey. Giddey ni kijana mzuri, nusu ya pili ya msimu alicheza kweli. Lakini Thunder ndio walikuwa na machaguo mengi ya drafti kuliko karibu kila mtu, na sisi hatukuomba hata moja juu yake. Mwaka mmoja baadaye, Juni 2025, Caruso alivaa pete.

Waangalie hao Thunder kidogo. Msimu wa 2020-21 walishinda mechi 22. Uliofuata 24. Mashabiki wao walivumilia kwa sababu mtu aliwaambia wazi tunaenda wapi. Mwaka 2022 wakamchagua Chet Holmgren namba mbili na Jalen Williams namba 12. Msimu wa 2024-25 walishinda 68 na ubingwa. Namba 12, wasee. Sisi mwaka 2025 tulichagua namba 12 pia, Noa Essengue, Mfaransa aliyekuwa na miaka 18. Sijui kama atakuwa Jalen Williams. Ninachojua ni kwamba kijana wa miaka 18 anahitaji timu inayojua iko mwaka gani wa safari yake.

Wengine mmeniambia tumekosa bahati tu. Sisi na Dallas tulimaliza sawa, 39 na 43. Sare ikavunjwa kwa kura, Dallas wakawekwa mbele yetu nafasi moja. Mwezi Mei 2025 wakashinda drafti nzima na Cooper Flagg akawa wao. Watu wanasimulia hilo kama msiba. Mimi nasema kama mpango wako wa kuokoa timu ni kushinda kura mbili mfululizo, hauna mpango. Na bahati hiyo tulishawahi kuipata, mnasahau. Mwaka 2008 tulikuwa na nafasi ya asilimia 1.7 na tukapata namba moja, tukamchukua Rose. Ilitupa fainali moja ya Mashariki, 2011. Bahati hukufungulia mlango, lakini lazima kuwe na mtu macho wa kuingia.

Kuna wengine hunirushia hili: "Wewe uliacha chuo mwaka wa pili, utafundisha nani mambo ya mipango?" Haya, tuliongee. Nilikaa chini nikaandika kwenye karatasi: karo iliyobaki, miaka iliyobaki, pesa tuliyo nayo nyumbani, na kazi niliyokuwa tayari naifanya usiku kwa simu. Nikaamua. Mamangu alininunia miezi, na hadi leo kuna shangazi zangu hawanisalimii vizuri. Lakini niliamua, na tarehe naijua. Ningeweza kukaa pale miaka minne nikipata alama za kupita tu, kila likizo nikiwaambia watu nyumbani muhula ujao nitashangaza darasa. Hiyo ndiyo Bulls. Muulizeni Karnišovas tarehe aliyoamua kitu.

Sasa wewe wa Umoja, wa Kisumu, wa Likoni, utaniuliza inatuhusu nini. Hatununui tikiti. Jezi zetu ni za Gikomba, Reinsdorf haoni hata shilingi. Sawa. Lakini mechi za Chicago za msimu wa baridi zinaanza saa kumi alfajiri kwetu. Mtu anawasha bando lake la mwisho, anaangalia kwa sauti ya chini asiamshe watu, saa moja yuko kwa stejini anangoja matatu na macho mekundu. Huyo amelipa. Amelipa kwa usingizi, na ni mtu ambaye siku yake haina nafasi ya kusinzia. Ukimwambia arudie hivyo mechi 82 kwa timu ambayo wenyewe wameridhika kumaliza namba tisa, umemdharau. Na sisi tunaomwambia "msimu ujao, bana, msimu ujao" bila kuuliza swali, tunasaidia kumdharau.

Kwa hivyo likizo hii ya msimu tuongee vitu vyenye meno.

Julai 2025, mkataba wa Coby White ulikuwa umebaki hadi 2026. Wa Vučević pia ulikuwa hadi 2026. Mmoja angeweza kuwa sehemu ya kesho, mwingine alikuwa na miaka 34 na hakuwa wa kesho ya mtu yeyote. Ofisi ilipaswa kusema: huyu tunabaki naye kwa bei hii, huyu tunamtoa kabla thamani haijaisha. Kufika Februari wote wawili wako na hakuna kilichosemwa kungekuwa kurudi kwa DeRozan.

Julai 2025 Giddey hakuwa na mkataba na walikuwa wanavutana. Kumlipa au kutomlipa ni sawa, lakini ukimlipa, ujue umejenga timu kumzunguka yeye. Hauwezi kumpa mtu pesa ya kiongozi halafu umweke kwa timu isiyo na mwelekeo.

Matas Buzelis acheze. Dakika 30 kila usiku, akosee, aanguke, ainuke. Essengue naye apewe nafasi, hata kama itatugharimu mechi. Nitaangalia timu inayopoteza 55 ikiwa naona vijana wawili wanakua, na nitaangalia saa kumi alfajiri bila kulalamika. Mechi 43 za kupoteza bila sababu sitaki tena.

Na sisi tufanye sehemu yetu. Mtu akikutajia pete sita, mwambie amalizie stori: aseme nani alimtoa Oakley, nani alimfuta Collins, nani alimleta Rodman. Kama hajui, hajaizoea historia yake. Ukitaka kuzomea, zomea aliye hai na mwenye sahihi kwa hundi. Mjane wa Krause mwombeeni mema.

Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Sisi tumetegemea cha Jordan tangu 1998, na yeye mwenyewe alishaondoka akaenda kununua timu yake na akaiuza.

Oktoba ikifika nitaangalia mechi kumi za kwanza. Nikiona ni ileile, alfajiri nitalala.